Mleta mada, mzuie mpwa wako asisaini ule mkataba wa saini

Mpigie simu mpwa wako leo hii umwambie asisaini chochote Ijumaa. Salamu na pongezi nitazitoa baadaye. Umeuliza kama ni sawa kijana wa miaka 19, aliyesajiliwa juzi na klabu ya MLS, ligi kuu ya soka ya Marekani, awatoze mashabiki dola 20 kwa kila saini pale nje ya uwanja. Kama apokee dola 5,000 za dalali anayetaka saini zake kwa miaka mitatu. Kama mfungue duka la mtandaoni la picha na jezi. Na mfanye nini na mashabiki wa Dar es Salaam wanaotaka jezi zenye saini yake. Swali lako nimelisoma lote, lakini nilipofika pale ulipoandika kwa furaha kwamba dalali anataka "haki ya kipekee", nilisimama, kwa sababu mimi ndiye niliyemshika mkono mdogo wangu wa damu nikampeleka kwenye mkataba wa aina hiyo hiyo, na nauli ya kurudi kutoka huko tuliilipa sisi wenyewe.

Mdogo wangu alitoka chuoni akaingia moja kwa moja kwenye klabu ya ligi hiyo hiyo ya huku Marekani. Nyumbani tulikuwa tumekwisha kukubaliana kwamba mimi ndiye msimamizi wake, kwa sababu nilisoma biashara na nilikuwa mkubwa. Wanaotaka kucheka wacheke sasa hivi wamalize. Digrii yenyewe bado ipo ukutani na fremu yake ni nzuri. Dalali wetu alituletea habari kupitia mtu tunayemheshimu sana katika jumuiya yetu, akavaa jezi ya mdogo wangu yenye namba yake mgongoni, akakaa sebuleni kwa mama akala pilau, kisha akasema kwamba hata Michael Jordan saini yake ni ya Upper Deck, kampuni ya kadi za wachezaji, peke yao tangu mwaka 1992. Jambo hilo ni la kweli, na ndiyo maana lilituvuruga akili. Hakusema kwamba Jordan alipoingia kwenye mkataba ule alikuwa tayari bingwa wa NBA na mchezaji anayejulikana duniani kote, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa akiwapangia masharti. Mdogo wangu wakati huo alikuwa hajamaliza dakika 90 katika mechi hata moja ya ligi.

Tulipewa ahadi ya dola 6,000 kwa awamu mbili, kwa saini 2,000. Gawanya mwenyewe utapata dola tatu kwa kila saini. Baadaye nilizikuta mtandaoni zinauzwa dola 25, lakini hilo silo lililotuumiza, kwa sababu muuzaji ana gharama zake na lazima apate faida. Kilichotuumiza ni kifungu kimoja cha mistari minne, kilichosema kwamba katika muda wote wa mkataba mchezaji hatatoa saini yake "kwa mtu yeyote, kwa malipo au bila malipo", isipokuwa kwa idhini ya maandishi ya mnunuzi. Nilikisoma. Nilidhani kinamaanisha wafanyabiashara wengine. Binamu yetu anayefanya kazi katika ofisi ya wanasheria, naye akiwa karani wa mapokezi, alikisoma kwenye simu akiwa kwenye foleni ya kununua chakula, akasema hakina tatizo.

Sasa sikiliza jinsi kifungu hicho kinavyofanya kazi. Mkataba wa ajira wa mdogo wangu ulimtaka ashiriki siku za mashabiki, ambapo wachezaji hukaa kwenye meza ndefu na watoto hupita na mipira, kofia na mabango, na kila mmoja husainiwa bure. Klabu kumtaka mchezaji ashiriki shughuli kama hizo ni jambo la kawaida kabisa, wala halina ubaya, kwa sababu ni sehemu ya kazi aliyoajiriwa kuifanya. Kwa hiyo siku ile ilipofika, alikuwa na karatasi mbili zenye jina lake, moja ikimwamuru asaini na nyingine ikimkataza, na hakuna namna yoyote ya kuzitii zote mbili. Alichagua mwajiri wake, kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili angefanya. Klabu ikaweka picha za siku ile mtandaoni, mdogo wangu akionekana anacheka huku akisaini mpira wa mtoto wa kike mwenye miwani, na picha hiyo ndiyo iliyoambatanishwa kwenye barua ya mwanasheria wa dalali kama ushahidi kwamba tumevunja mkataba. Awamu ya pili ya malipo ikazuiliwa, awamu ya kwanza tukatakiwa kuirudisha, na juu yake tukadaiwa fidia. Wakati huo saini zote 2,000 dalali alikuwa amekwisha kuzichukua.

Nieleze pia zilivyochukuliwa, kwa sababu mpwa wako atafanyiwa vilevile. Ilikuwa chumba cha hoteli ya kandokando ya barabara kuu, meza mbili za kukunja, na marundo ya karatasi zenye stika ndogo zinazong'aa, zile ambazo kampuni za kadi huzibandika kwenye kadi baadaye. Kijana alisaini kwa maka peni ya bluu mpaka vidole vikawa vya bluu. Jina lililoanza likisomeka herufi kwa herufi lilikuwa limebaki kulabu mbili na nukta ilipofika jioni. Hapo msaidizi wa dalali akaanza kuzitenga zile asizozipenda na kusema zirudiwe, kwa maana mkataba ulihesabu saini "zilizokubaliwa na mnunuzi" na wala si saini zilizoandikwa. Zilizokataliwa hazikuchanwa mbele yetu. Ziliwekwa kwenye bahasha nyingine, na mimi msimamizi mwenye digrii nikamsaidia kuifunga kwa gundi. Huko nyumbani hakuna mzee anayekubali kusaini karatasi tupu hata mbele ya mjumbe wa nyumba kumi, lakini sisi tulisaini maelfu ya stika tupu kwa sababu aliyetuletea alikuwa na jezi yetu mwilini.

Yule dalali nikimfikiria hadi leo natafuta maneno yanayofaa kuandikwa mahali penye watoto. Alijua kifungu kile kitagongana na kazi ya mchezaji, kwa sababu biashara yake ni wachezaji. Alijua pia kwamba siku hizo za mashabiki hutangazwa mapema. Sina uthibitisho kwamba alisubiri makusudi apate saini zote ndipo atafute picha ya kutushtaki nayo, na kwa hiyo simtaji jina, lakini barua ilifika upesi mno kwa mtu anayedai kwamba alishangaa. Na yule mheshimiwa wetu aliyemleta alipoulizwa alisema yeye aliunganisha tu watu wawili. Kamisheni, hata hivyo, nayo aliiunganisha na mfuko wake.

Tulimaliza kwa makubaliano: tulirudisha awamu ya kwanza, dalali akabaki na saini, na mwanasheria wa kweli akalipwa kutoka kwenye mshahara wa msimu wa kwanza wa kijana, ambao kwa mchezaji mgeni si mkubwa kama watu wa nyumbani wanavyodhani. Halafu ikaja kodi. Fedha za saini huku hazikatwi kodi zinapolipwa kama mshahara unavyokatwa. Unapokea zote ukadhani ni zako, kumbe mbali ya kodi ya mapato kuna ile ya kujiajiri ya asilimia 15.3 inayokusubiri. Zile tulizopokea zilipita katika mwaka mmoja wa kodi na kurudishwa katika mwaka mwingine, na mhasibu alitutoza kwa kutunyooshea hesabu hiyo. Usidhani serikali ya huku hailioni jambo dogo kama hili. Pete Rose, mchezaji wa besiboli aliyepiga mipira mingi kuliko mwingine yeyote katika historia ya ligi yao, alifungwa miezi mitano mwaka 1990 kwa kuficha mapato, yakiwemo ya saini na kumbukumbu za michezo, na mwaka 1995 Duke Snider na Willie McCovey, nao wachezaji wa zamani wa besiboli, walikiri kosa la kodi kwa fedha walizopokea kwenye maonyesho ya kadi. Hao walikuwa magwiji wenye washauri.

Kuhusu kumtoza shabiki anayesimama mbele yake, jibu langu ni hapana, wala sihitaji kurasa nyingi kulieleza. Mkongwe aliyestaafu anayekaa kwenye maonyesho na kuuza tiketi za saini anafanya biashara inayoeleweka na wateja wake wamekuja wakijua bei. Kijana wa mwaka wa kwanza akimwambia baba mwenye watoto watatu atoe dola 60 pale kwenye uzio, yule baba atatoa simu badala ya pochi, na video hiyo itafika kwa kocha kabla ya basi kuondoka. Lakini najua hoja yako ya pili, kwamba miongoni mwa wanaosimama pale wapo wachuuzi wenye picha kumi zinazofanana ambao asubuhi wataziuza. Ni kweli wapo, na dawa yao haihitaji bei. Kijana amuulize kila mtu jina lake na aliandike juu ya saini: "Kwa Amina", "Kwa Brian". Shabiki atafurahi zaidi, na mchuuzi atasema "saini tu, jina usiandike", kwa sababu picha iliyoandikwa jina la mtu mwingine ni ngumu kuuza kwa bei nzuri. Akisema hivyo, kijana atabasamu na kumgeukia anayefuata.

Basi kanuni yangu ni hii, na ningeweza kuiandika kwa herufi kubwa kama si heshima ya jukwaa: anayelipa awe mfanyabiashara na kamwe asiwe shabiki, na huyo mfanyabiashara asipewe saini hata moja mpaka mkataba useme waziwazi kwamba mchezaji anabaki huru kusaini bure, ana kwa ana, kwa jina la mtu, mahali popote na katika shughuli yoyote ya klabu, ya ligi au ya timu ya taifa. Mikataba ya kipekee ya watu wanaojiheshimu huwa na nafasi ya namna hiyo, na dalali akikataa kuiandika basi amekwisha kukujibu. Ukishakipata kifungu hicho ndipo uzungumzie mengine: idadi kamili, kwa sababu huyo wako ameandika "idadi itakayohitajika" na kwa dola 5,000 anaweza kuhitaji saini 10,000, kuhesabu saini zilizoandikwa, kuziharibu zilizokataliwa papo hapo, malipo yote siku ya kusaini, na muda usiozidi msimu mmoja, kwa kuwa kijana wa miaka 19 akifunga mabao kumi mwakani bei yake haitakuwa hii tena. Chama cha wachezaji, MLSPA, ndicho kinachoshughulikia haki za pamoja za majina na picha za wachezaji wa ligi hiyo, kwa hiyo awapigie kabla ya kumpigia binamu yeyote.

Jambo moja hujalisema nalo linanitia wasiwasi: kijana yuko huku kwa hati gani? Kama ana ukaazi wa kudumu, endelea kusoma. Kama yuko kwa viza inayomfunga kwa mwajiri mmoja, malipo ya dalali yanaweza kumletea matatizo makubwa kuliko ya kwangu, na mwanasheria wa uhamiaji ndiye wa kuulizwa kwanza. Mkumbuke Oscar Tshiebwe, yule Mlubumbashi aliyekuwa mchezaji bora wa mpira wa kikapu wa vyuo akiwa Chuo Kikuu cha Kentucky. Vyuo vilikuwa vimewaruhusu wanamichezo kufaidika na majina yao tangu Julai 2021, lakini yeye alikuwa na viza ya mwanafunzi, na shughuli zake za biashara ya jina zilifanyika Bahamas timu ilipokwenda huko Agosti 2022, kwa sababu ndani ya Marekani viza hiyo haikumruhusu kufanya kazi hiyo.

Mtanijia hapa wale mnaosema kwamba kijana anatoka familia yenye uhitaji na dola 5,000 si za kuchezea. Nasi tulikuwa na uhitaji. Mama alikuwa amekwisha kuzipangia paa la nyumba ya Mbagala, na paa hilo lilichelewa misimu miwili ya mvua kwa sababu fedha zilikuwa zimekwenda kwa wanasheria. Siwaambii mkatae fedha. Nasema dalali anayemtaka kweli kijana huyu atasubiri wiki mbili mkataba urekebishwe, na asiyeweza kusubiri wiki mbili ana sababu.

Kama amekwisha kusaini kabla hujafika kwenye mstari huu, asiweke hundi ile benki na asiende kwenye chumba chochote cha hoteli chenye maka peni. Andika hapa chini, ukiwa umefuta majina, maneno ya kifungu cha kuvunja mkataba na tarehe iliyowekwa, kisha mtafutie mwanasheria wa mikataba wa jimbo analoishi, mwenye leseni na ofisi yenye mlango.