Chapleni wa eapoti anafanya nini hasa

Ndugu umeuliza kama wale machapleni wa eapoti, yaani wahudumu wa dini wa uwanja wa ndege, wapo kuwaombea wanaoogopa kupanda ndege tu, hapana, hiyo ni kazi ndogo sana kwao. Ukiangalia Boston kule Marekani, pale uwanja wa ndege wa Logan, kile kikanisa cha 1951, Askofu Mkuu Cushing alikianzisha akiwafikiria zaidi wafanyakazi, maana mtu wa zamu Jumapili misa ataipatia wapi? Wapakia mizigo, wafagiaji, askari, hao ndo waumini wa kila siku, abiria anapita tu. Heathrow, uwanja wa ndege wa London, nako kipo kimoja cha mwaka 1968, kiko chini ya ardhi kabisa, ukiwa na haraka hukioni.

Sasa kazi yenyewe ni kutembea. Anazunguka tu na kitambulisho chake shingoni, anamkuta mama analia kwenye kiti kapigiwa simu sasa hivi mzee wake kafariki na ndege ni kesho asubuhi, anakaa naye, anamtafutia chai, anaongea na watu wa shirika la ndege waone kama kuna siti mapema, na hamuulizi dini yake ni ipi, akiwa Muislamu anampeleka chumba cha kuswalia basi. Na ajali ikitokea, yeye ndo anakaa na familia zinazosubiri majina, hapo ndo pagumu jamani.

Pesa? Wengi wanalipwa na makanisa au misaada, na wengine wanajitolea bure kabisa.