Maswali yenu kuhusu galaksi ya M51

Picha ya M51, galaksi (kusanyiko kubwa mno la nyota, gesi na vumbi) yenye mikono iliyojipinda kuzunguka kitovu, iliyopigwa na darubini ya angani ya Hubble imewafanya wengi waulize. Nimechagua maswali matano.

Mikono yake inazunguka pamoja na nyota?
Hapana, na hapa ndipo penye utamu. Nyota za karibu na kitovu humaliza mzunguko mapema kuliko za pembezoni. Kama mkono ungebaki na nyota zilezile, ungekuwa umeshajiviringa zamani tusiuone. Mwaka 1964 wanasayansi C. C. Lin na Frank Shu walieleza kwamba mkono ni wimbi la msongamano: nyota na gesi huingia, hubanana kwa muda, kisha hutoka. Gesi ikibanwa, nyota huzaliwa. Kuza picha uone hatua zenyewe: utepe mweusi wa vumbi kwenye ukingo wa ndani, kisha madoa ya waridi ya haidrojeni inayong'arishwa na nyota changa, halafu vishada vya bluu. Kama wimbi hilo hudumu au huzuka na kufifia, wataalamu bado wanabishana.

Kwa nini mikono ni bluu, kitovu njano?
Bluu ni rangi ya nyota nzito zenye joto kali. Huishi miaka milioni chache tu, hivyo hufa kabla hazijafika mbali na zilikozaliwa. Kitovuni wamejaa wazee, yaani nyota za zamani zenye rangi ya njano. Na msidhani kati ya mkono na mkono ni patupu. Nyota zipo tele, ila hafifu.

Kile kinachoning'inia kwenye ncha ya mkono?
Ni galaksi nyingine, NGC 5195, iliyo nyuma kidogo. Inaaminika mvutano wake ndio ulioikoleza mikono hiyo.

Nyota mojamoja huonekana kweli kutoka umbali wa miaka ya nuru zaidi ya milioni 20?
Zile kubwa mno, ndiyo, ingawa mwaka mmoja wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mzima. Mwaka 2011 nyota mojawapo ililipuka. Wataalamu walipopekua picha za zamani za Hubble, walikuta mahali palepale nyota kubwa ya njano. Wengine walitilia shaka kuwa ndiyo yenyewe, mpaka mlipuko ulipofifia na nyota ile ikawa haipo.

Naweza kuiona mwenyewe?
Kwa macho matupu, hapana. Kwa darubini ndogo, mbali na taa, tafuta karibu na Alkaid, nyota ya mwisho kwenye mkia wa kundi la nyota la Dubu Mkubwa. Utapata madoa mawili ya ukungu, basi. Mikono yenyewe huhitaji darubini kubwa zaidi: mwanaastronomia Lord Rosse, aliyeichora kwa mara ya kwanza mwaka 1845 huko Ayalandi, alitumia darubini yenye kioo cha upana wa sentimita 183.