Koki ya umwagiliaji inavuja kwenye meno? Weka spana chini kwanza

Mkuu, umesema kiungio cha koki ya bustani kilianza kutoa matone, ukaongeza tepu ya kuzibia meno, ukakaza kwa spana, na sasa kinavuja kuliko mwanzo. Bustani yangu naimwagilia kwa mabomba ya plastiki na viungio vya namna hiyo nimeshafungua vingi. Ukiona unakaza na maji yanazidi, usiendelee kukaza.

Funga maji, fungua kiungio chote, kikaushe, kisha mulika tochi upande wa kike, ule wenye meno ndani. Tafuta ufa mwembamba unaoanzia mdomoni na kushuka kwa urefu wa bomba. Wakati mwingine hauonekani mpaka uupinde mdomo kidogo kwa kidole gumba. Sehemu yenye meno mara nyingi hupungua unene kuelekea mwisho, kwa hiyo kipande cha kiume kikiingia kinafanya kazi ya kabari. Tepu nyingi inanenepesha kabari, spana inaisukuma, plastiki inapasuka. Hali ni mbaya zaidi kama cha kiume ni cha chuma na cha kike ni cha plastiki. Ukiuona ufa, tupa hicho kipande. Hakuna tepu itakayokiokoa.

Kama hakuna ufa, angalia kama meno yanaoana. Kuna mfumo wa meno wa Uingereza, BSP, na wa Marekani, NPT. Kwa nusu inchi na robo tatu, yote miwili ina meno 14 kwa inchi, ndiyo maana vinaingiliana bila shida na mtu anaamini ni saizi moja. Lakini pembe ya jino la BSP ni nyuzi 55 na ya NPT ni 60, basi maji yanapata pa kupita. Ukinunua vifaa vya mchanganyiko, hapo ndipo pa kushuku.

Kufunga upya: toa tepu yote ya zamani, sugua meno kwa mswaki mkavu. Shika cha kiume mdomo ukikutazama, zungusha tepu kuelekea upande wa mshale wa saa huku ukiivuta ikazike, mizunguko mitatu hadi minne. Ukizungusha kinyume, itajikunja na kutoka wakati wa kufunga. Jino la kwanza liache wazi. Kaza kwa mkono mpaka kigome, ongeza mzunguko mmoja, usizidi miwili. Na usirudishe nyuma eti koki itazame vizuri. Ukirudisha hata kidogo, fungua na uweke tepu mpya.

Gundi ya mabomba usipake kwenye meno, hata fundi akikushauri. Hiyo ni ya viungio vya kuchomeka visivyo na meno, na kwenye meno itakunyima nafasi ya kufungua siku nyingine.

Kiungio cha mpira wa kumwagilia ni habari nyingine. Pale kinachozuia maji ni washa ya ndani, yaani kile kiduara cha mpira, si meno. Badilisha washa, tepu haina kazi.

Ukimaliza, kabla ya kurudisha vidondoshi, vile vya kutoa maji tone kwa tone, vua vifuniko vya mwisho wa mistari ya mabomba na uache maji yapite kwa nguvu kidogo. Vipande vya tepu ya zamani huishia kwenye matundu yale madogo, halafu unaanza kutafuta kwa nini miche ya mwisho inanyauka.