Ushauri kwa Anayetaka Kuikimbiza Pikipiki ya Mipigo Miwili ya Miaka ya 1980

Msomaji anayetamani kuonja mwendo wa pikipiki za zamani mara nyingi huanza kwa kutafuta kubwa kuliko zote anazoweza kumudu, na wauzaji hawachelewi kumpeleka kwenye Kawasaki Z1 yenye cc 903 au Honda CB750 iliyotoka mwaka 1969. Hizo ni mashine nzuri na sizibezi. Hata hivyo, baada ya miaka ya kuendesha katika viwanja vya Mallory Park na Cadwell Park hapa Uingereza, katika zile siku ambazo uwanja hufunguliwa kwa waendeshaji wa kawaida wanaolipa ada, mtu akiniomba shauri humwambia atafute Yamaha RD350LC. Pikipiki hiyo iliingia madukani mwaka 1980 ikiwa na injini ya mipigo miwili (inayolipuka kila pistoni inapopanda juu, tofauti na ya mipigo minne inayolipuka kila inapopanda mara ya pili) yenye silinda mbili, cc 347, nguvu ya farasi 47 na rejeta ya maji, na kwa kuwa ni nyepesi, mwenye mwili wa kawaida anaweza kuilaza na kuiinua katika kona bila kushindana nayo.

Raha yake imo ndani ya bomba la moshi, na anayelielewa bomba hilo ataielewa pikipiki nzima. Katika injini ya mipigo miwili, mchanganyiko mpya wa petroli na hewa huingia kwenye silinda wakati moshi wa mlipuko uliopita ungali ukitoka, kwa hiyo sehemu ya mafuta mabichi hutoroka pamoja na moshi. Katika miaka ya 1950 mhandisi Walter Kaaden wa kiwanda cha MZ, Ujerumani Mashariki, aliliendeleza bomba lenye tumbo pana katikati na mwisho uliobanwa. Wimbi la shinikizo likifika pale palipobanwa hurudi nyuma na kuyasukuma mafuta yaliyotoroka yaingie tena kwenye silinda kabla pistoni haijaziba tundu. Mwaka 1961 mwendeshaji wake, Ernst Degner, alitoroka wakati wa mashindano ya Sweden na kujiunga na Suzuki, akiwa na ujuzi huo kichwani, na mwaka uliofuata Suzuki ikatwaa ubingwa wa dunia wa cc 50. Tangu 1975, Giacomo Agostini alipoutwaa ubingwa wa cc 500 akiwa na Yamaha, hadi 2001, hakuna injini ya mipigo minne iliyolipata tena taji la daraja hilo.

Sasa, kwa kuwa urefu wa bomba haubadiliki, lile wimbi hurudi kwa wakati unaofaa katika kasi fulani tu ya injini. Chini ya mizunguko 6,000 kwa dakika, RD350LC ni pole kiasi cha kumfanya mgeni adhani ameuziwa kitu kibovu. Ikivuka hapo, mlio hubadilika kuwa mkali, mikono hunyooka, na gurudumu la mbele huwa jepesi kana kwamba linataka kuaga lami. Ladha hiyo huisha upesi, kabla ya mizunguko 9,000, na ndipo unapopaswa kuwa umekwisha kupandisha gia. Wengi hukosea kwa kuvuta mafuta yote katikati ya kona injini ikiwa kwenye 5,000, wakaona hakuna kitu, wakaendelea kuvuta, kisha nguvu ikawajia kwa mkupuo pikipiki ikiwa bado imelala. Shauri langu ni kuchagua gia kabla hujaingia kwenye kona, pikipiki ikiwa bado wima, ili mshale wa saa ya mizunguko uwe tayari juu kidogo ya 6,000 unapoanza kuvuta. Gerards, ile kona ndefu ya kulia pale Mallory Park, ni mwalimu mzuri wa jambo hili, kwa maana inakulazimu ukae ndani ya gia moja kwa muda mrefu na kuyapima mafuta kwa vidole tu.

Aliyezoea mipigo minne atashangaa pia kwamba ukiachia mafuta injini haikushikilii. Unaendelea kuteleza mbele, na kazi yote inabaki kwa breki. RD350LC, au LC kwa kifupi, ilikuwa na diski mbili mbele na ngoma nyuma, na zinatosha kabisa zikitunzwa, ila mipira inayopitisha mafuta ya breki iliyotoka nayo kiwandani haifai tena hata kama kwa macho inaonekana mizima. Ibadilishe yote.

Kuna tabia moja ambayo waendeshaji wa zamani wote wanayo, nami nasisitiza uijenge tangu siku ya kwanza: vidole viwili vya mkono wa kushoto vikae juu ya klachi daima. Injini hizi hupata oili yake pamoja na mafuta, na mwendeshaji anayeachia mafuta ghafla mwishoni mwa sehemu ndefu iliyonyooka huinyima oili wakati pistoni zingali zikienda mbio na zikiwa za moto mno. Injini ikinoki, pistoni hugandana na silinda na gurudumu la nyuma hufunga palepale. Mwenye vidole kwenye klachi ana sekunde ya kujiokoa.

Kunoki kwenyewe mara nyingi huanzia gereji. Sili (vizibo vya mpira) za krankshafti, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, hukauka pikipiki ikikaa miaka bila kuwashwa. Ile ya upande wa klachi ikipasuka, injini hunyonya oili ya gia na kutoa moshi mzito mweupe, jambo ambalo angalau unaliona. Ya upande wa jenereta ikipasuka, injini hunyonya hewa tupu, mchanganyiko hupungukiwa mafuta, na joto hupanda bila dalili yoyote ya moshi. Kwa hiyo usimwamini muuzaji anayekuambia kwamba injini haijawahi kufunguliwa, kana kwamba hiyo ni sifa. Mimi ningemlipa zaidi yule mwenye risiti ya fundi aliyezibadilisha sili na kuiunda upya krankshafti. Kagua pia tarakimu nne zilizochapwa ubavuni mwa tairi, zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwani tairi lenye kashata nyingi linaweza kuwa limegeuka gumu kitambo.

Kuhusu mashindano yenyewe, LC ina historia ambayo Kawasaki kubwa haina. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Yamaha iliandaa hapa Uingereza mashindano ya Pro-Am, ambamo pikipiki zote zilifanana na waendeshaji walizigawana kwa kuokota funguo bila kuchagua; Niall Mackenzie, aliyekuja kushindana katika cc 500 za dunia, alipitia humo. Kwa maoni yangu hilo ndilo lililofanya mashindano yale yawe makali: hakuna aliyeweza kuilaumu mashine. Ukianza leo katika mbio za pikipiki za kale, tafuta daraja lenye masharti yanayobana matengenezo, kwa sababu katika madaraja huria utashindana na pochi za watu.

Mwisho wa siku usiiache petroli ndani ya kabureta. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida ya hapa Uingereza huwa na hadi asilimia 10 ya ethanoli, ambayo huvuta unyevu na kuharibu mipira ya zamani. Mtu aliyewahi kuhudumia injini ya boti ya mipigo miwili kwenye pwani yetu ya Waswahili anajua dawa yake: funga mafuta kwenye tangi, legeza skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta, na uyaachie yaliyobaki yamwagike kwenye kopo kabla ya kuifunika pikipiki.