Kitunguu saumu na rosela kwa mwenye presha

Pole kwa kuuguza, ndugu. Umeuliza kama mama, ambaye presha yake inacheza kwenye 160/100, anaweza kuacha vidonge vya amlodipini atumie kitunguu saumu na chai ya rosela. Kuacha, hapana. Kuongezea inawezekana, ila daktari wake ajue kwanza.

Rosela ina ushahidi wa kiasi: chai ya maua yake makavu huteremsha presha, lakini kidogo tu. Kwa mtu wa 160 haitoshi kuweka vidonge kando. Kitunguu saumu cha kwenye mboga hakina neno. Kikigeuzwa dawa, cha kutafuna punje kwa punje au cha vidonge, huweza kuongeza hatari ya kutokwa damu, hasa kama anameza aspirini au warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), au anasubiri upasuaji.

Ninachokiogopa zaidi ni unga wa mitishamba uliochanganywa, usiojulikana una nini. Urukususu, ule mzizi mtamu, hupandisha presha, na hutiwa kwenye michanganyiko mingi tu ya "kusafisha mwili"!

Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo kwenye vyakula vya viwandani. Apime presha akiwa ametulia dakika 5, mgongo umeegemea, mkono usawa wa moyo, na muandike kila kipimo mkamwonyeshe daktari.

Ikifika 180/120 na kifua kikauma, pumzi ikabana au mdomo ukapinda, msichemshe chochote. Hospitali, saa hiyo hiyo.