Usizifiche betri za lithiamu kwenye shehena ya ndege

Ndugu muulizaji, umeuliza kama unaweza kutuma betri za akiba za kompyuta mpakato kwa ndege ya mizigo bila kuzitaja kwenye hati, kwa kuwa katoni lenyewe ni dogo. Nakusihi usifanye hivyo. Seli moja, yaani kimojawapo cha vijisehemu vinavyounda betri, ikipata hitilafu ndani hujipasha moto yenyewe, huvimba, hutoa gesi inayowaka, kisha huichoma seli ya jirani, na haloni, gesi ya kuzimia moto ndani ya ndege, inayozima miali haiwezi kuupoza mnyororo huo. Tarehe 3 Septemba 2010, ndege ya mizigo ya kampuni ya usafirishaji ya UPS iliyobeba betri nyingi za lithiamu ilishika moto baada ya kuruka kutoka Dubai. Moshi ulijaa chumba cha marubani hata wasiweze kuona vipimo vyao, na wote wawili wakafa. Tangu Aprili 2016, betri za ioni za lithiamu zisizofungwa pamoja na kifaa haziruhusiwi kuwa shehena katika ndege za abiria, na katika ndege za mizigo chaji yake isizidi asilimia 30. Ziba ncha za kila betri kwa utepe usiopitisha umeme, itenge na nyenzake, na mpe kazi ya kufungasha mtu aliyefunzwa kushughulikia bidhaa hatari. Iliyovimba usiitume kabisa.