Sabuni asubuhi nzito, mchana maji: CMC feki?

SWALI: Habari, natengeneza sabuni ya maji na CMC (unga wa kuifanya iwe nzito), asubuhi inakuwa nzito safi ila ikikaa juani mchana wateja wanasema imekuwa kama maji. Nimeuziwa CMC feki?

JIBU: Usimlaumu muuzaji kwanza. CMC ni selulosi (nyuzinyuzi za mimea) iliyobadilishwa kikemikali, minyororo mirefu mirefu inayoshika maji, sasa joto likipanda minyororo inateleza kirahisi na uzito unashuka, ikipoa unarudi. Kwa hiyo linganisha uzito kwenye joto lilelile, tuseme nyuzi 25, na usiongeze CMC saa nane mchana, asubuhi utakuta uji. Ila ukiichemsha muda mrefu minyororo inakatika, hapo hairudi ng'o. Na kama imepoa bado nyepesi halafu inanuka, hao ni bakteria, angalia dawa ya kuzuia kuoza.

Cha kuchekesha, ndugu yake methili selulosi ni kinyume kabisa: inayeyuka kwenye maji baridi, ukiipasha hadi nyuzi 50 au 60 hivi inaganda kama jeli, ikipoa inarudi kimiminika. Ndo maana unga wake unatawanywa kwanza kwenye maji moto ili usifanye mabonge, kisha yanaongezwa ya baridi. CMC wewe nyunyiza kidogokidogo tu huku unakoroga.